Nataka kuifupisha GMC CCKW ya 1/35 iwe 352 lakini picha zinapingana, nianzie wapi?

SpringiZaNyuma:
Wakuu habari za humu ndani. Nina seti ya modeli ya plastiki ya lori la GMC CCKW la tani mbili na nusu, skeli 1/35, ile ndefu ya 353 yenye kebini ya bati. Siku nyingi naitamani ile fupi, 352, iliyokuwa inavuta mizinga, maana ukiiona kwa ubavu imejikusanya, matairi ya spea yamesimama nyuma ya kebini halafu bodi fupi, yaani inanivutia kuliko ndefu kwa mbali sana. Najua ziko seti za fupi zinauzwa zikiwa tayari ila mimi raha yangu ni kukata na kuunga, na nikishaielewa njia nataka niendelee hivyo hivyo na malori mengine ya vita vya pili.

Sasa kinachonisumbua sio msumeno, ni utafiti. Nimekusanya picha nyingi mpaka zimeanza kugombana zenyewe kwa zenyewe. Moja ina bodi ya mbao na kebini ya bati, nyingine bodi ya chuma na kebini ya turubai, kuna gari limefufuliwa vizuri linang'aa kabisa lakini difu zake hazifanani na za gari lingine lililofufuliwa na wenye magari wote wawili wanasema lao ni orijino. Halafu kuna mchoro nimeupata mtandaoni umeandikwa 1/35, nikauprinti nikalaza chasisi ya seti juu yake, mbele inakaa sawa nyuma inapitiliza. Hapo mwenye kosa ni nani, mchoro, printa au seti?

Naombeni mnisaidie. Vipimo vya kuamini vinapatikana wapi, picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe unaitoaje kipimo bila kudanganywa, chasisi nikate sehemu gani, na haya magari yaliyofufuliwa niyaamini kiasi gani. Sina haraka, nataka itoke sawa hata kule chini ambako hakuna atakayeangalia.

Kalipa_35:
Karibu mkuu, umeuliza vizuri. La kwanza, mchoro usiojua umetoka wapi usiukatie plastiki hata siku moja. Anza na karatasi za wenyewe walioliendesha na kulitengeneza. Hizi GMC zina manuali ya jeshi la Marekani, TM 9-801, inazihusu 352 na 353 kwa pamoja, halafu kuna katalogi ya vipuri inaitwa SNL G-508 na hiyo ndiyo utaipenda zaidi kwa sababu inakuonyesha vipande vimetenganishwa kimoja kimoja, kila bracket na kila bolti, na ipi ni ya fupi na ipi ni ya ndefu. Hizi ni nyaraka za serikali ya Marekani na nakala zilizoskaniwa zipo Internet Archive unashusha bure. Ukitafuta kwa maneno tu kama "lori la GMC la vita" utaletewa kila takataka, tafuta kwa namba. Ukishaizoea hiyo namba ya G inakufungulia na malori mengine, G-630 ni Studebaker US6, G-501 ni DUKW ile inayoogelea, G-742 ni familia ya M35 iliyokuja baada ya vita.

Sasa hesabu. Umbali wa ekseli kwa 353 ni inchi 164, hiyo ni 4166 mm. Kwa 352 ni inchi 145, yaani 3683 mm. Zingatia hapa maana wengi wanateleza: kwa lori la ekseli tatu kipimo kinatoka ekseli ya mbele mpaka katikati ya zile mbili za nyuma, sio mpaka ekseli ya katikati na sio mpaka ya mwisho. Kwenye 1/35 ndefu inakuja 119 mm na fupi 105.2 mm, tofauti 13.8 mm. Anayejenga 1/72 atakata 6.7 mm hivi.

Bodi nayo ina hesabu yake. Ya ndefu ni futi 12, ya fupi futi 9, kwenye skeli yako hiyo ni 104.5 mm kushuka mpaka 78.4 mm, yaani unapunguza 26 mm. Umeona hapo? Bodi inapungua karibu mara mbili ya umbali wa ekseli. Kwa hiyo anayekata 13.8 katikati ya chasisi akadhani kazi imeisha atashangaa nyuma kuna mkia wa chasisi umetokeza nje ya bodi, au akiivuta bodi nyuma ifunike mkia basi matairi hayakai tena pale yanapotakiwa kukaa chini ya bodi. Mkia uchukulie kama kipimo cha pekee, uutafute peke yake kwenye manuali na kwenye picha.

Kuhusu mchoro wako, usiilaumu seti bado. Pima mchoro wenyewe kwa kalipa (kile kipimio cha taya), umbali wa ekseli ni 119? Kama sio, printa imepunguza ili iingie kwenye karatasi, hilo ndilo linatokea mara nyingi. Ukishapima kwa mlalo pima na kwa wima, angalia rimu, ikiwa imekaa kama yai basi skana imevuta upande mmoja na mchoro huo hautengenezeki kwa kuongeza asilimia pande zote kwa pamoja. Baada ya hapo ndio unapima seti.

Picha nitarudi niandike peke yake, ni ndefu.

mama_modeli:
Nami niongezee kwenye hilo la picha kugombana, maana hapo ndipo pametufanya wengine tuipende hii kazi.

Picha zako hazigombani mwanangu, ni wewe umeziweka kwenye fungu moja. Hizi GMC zilitengenezwa zaidi ya laki tano na elfu sitini kati ya 1941 na 1945, huwezi kutegemea zifanane. Kebini ya bati ndiyo ya mwanzo, ya turubai ikaja baadaye, inaokoa bati na gari linapungua kimo hivyo linapakika vizuri melini. Bodi zilianza za chuma, zikaja za mbao ili kuokoa chuma, kisha za mchanganyiko zenye mifupa ya chuma na mbao. Mabadiliko haya hayakutokea siku moja, kwa hiyo kebini ya bati kukaa na bodi ya mbao wala sio ajabu. Na difu ndio kabisa, ziko aina mbili tangu kiwandani. Kuna ya Timken ambayo gamba lake ni vipande viwili vimeunganishwa kwa bolti kuzunguka, ukiangalia unaona mstari wa maungio wima, na kuna ya GM ambayo gamba lake ni duara moja lenye kifuniko, wenyewe wanaiita banjo. Transfa kesi, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwenda ekseli za mbele na za nyuma, nazo zinatofautiana kufuatana na ekseli. Kwa hiyo hao wenye magari wawili wanaweza kuwa wote wanasema kweli.

Ila usiyaamini magari yaliyofufuliwa kama ushahidi wa mchanganyiko. Jeshi la Ufaransa liliendelea kutumia GMC kwa miongo kadhaa baada ya vita, yakaingia karakana yakafanyiwa ukarabati mzito, na mengi tunayoyaona leo kwenye maonyesho Ulaya yamepitia mikono hiyo. Gari likishavunjwa na kuunganishwa upya kebini inaweza kuwa ya mwaka huu, ekseli za mwaka ule, na bodi imeundwa juzi kwa mbao mpya. Taa za kuonyesha kona, kioo cha pembeni kikubwa, waya za umeme zisizo za wakati ule, hayo yote utayakuta. Mwenye gari anataka liende barabarani salama na ana haki, lakini wewe unatafuta gari la siku fulani.

Ninachokushauri, chagua lori MOJA kwenye picha MOJA ya wakati wa vita. Sio aina, lori. Lile lile lenye jino la bampa limepinda na turubai limefungwa vibaya. Tengeneza folda yake, orodhesha unachokiona, kebini gani, bodi gani, winchi ipo au haipo, spea ziko wapi, ringi ya bunduki ya rashasha ya .50 juu ya kebini ipo au haipo (ilikuwa kwenye lori moja kati ya manne hivi). Ambacho hukioni kwenye picha hiyo ndio unakwenda kukiazima kwenye lori lingine linalofanana nalo kwa vyote unavyoviona. Ukifanya hivi utaona nusu ya picha zako zinajitoa zenyewe.

Na tahadhari nyingine kabla hujaanza kupima: hakikisha ni GMC na ni CCKW. Studebaker US6 kwa nyuma ukiitazama haraka inakuchanganya, ile nyingi zilikwenda Urusi na ndizo Warusi walizifunga mitambo ya roketi za Katyusha, BM-13. Kuna pia GMC za CCW bila K, hiyo K ndiyo ya mbele kuvuta, sasa kwenye CCW mbele hakuna difu na watu wanaichukua picha yake wakidhani difu imefichwa na kivuli.

Picha zenyewe kazitafute kwenye hifadhi, sio kwenye kurasa za watu wanaokopiana mpaka picha imekuwa ukungu. National Archives ya Marekani ndiyo yenye picha za Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi lao, ziko Record Group 111. Library of Congress wana faili kubwa za TIFF unashusha, na Imperial War Museum kwa upande wa Uingereza. Bundesarchiv ya Ujerumani iliweka picha kama elfu themanini Wikimedia Commons mwaka 2008, ukija kufanya lori la Kijerumani, Opel Blitz, utazihitaji. Kamera nyingi za wakati ule negativu yake ilikuwa kubwa, inchi nne kwa tano, kwa hiyo faili kubwa ukiivuta karibu unasoma mpaka maandishi ya kwenye tairi. Maelezo chini ya picha yanakwambia mahali na tarehe, ila tarehe hiyo ni ya picha. Lori lililopigwa picha 1945 linaweza kuwa limetoka kiwandani 1942.

FundiChasisi:
Nimesoma yote, mko sahihi sana ila dada hapo kwenye magari yaliyofufuliwa nakupinga kidogo. Hakuna mpiga picha wa vita aliyelala chini ya lori kupiga difu na shafti. Kule chini bila gari la sasa hivi huna kitu, katalogi inakuonyesha umbo la kipande lakini haikuonyeshi kikikaa pale kinaacha nafasi kiasi gani na kinagusana na nini. Mimi naziamini picha za gari lililofufuliwa kwa chasisi, springi, bawaba, vichwa vya bolti, namna waya na paipu za breki zinavyopita. Mtu anaweza kubadili kebini akabadili bodi lakini mhimili wa chasisi matundu yake ni yale yale. Ninachokataa kwake ni rangi, taa, matairi na bodi, hapo tunakubaliana.

Sasa kukata. Kata kwenye sehemu iliyonyooka, kati ya mgongo wa kebini na mahali springi za nyuma zinapoanzia, usikate karibu na kiungo cha kati maana ukipiga msasa utakila. Usikate wima moja kwa moja, kata kwa ngazi, juu mbele kidogo chini nyuma kidogo, ili vipande vikikutana vilaliane na gundi ipate eneo. Mihimili yote miwili ikatwe kwa wakati mmoja ukiwa umeibana kwenye kitu kilichonyooka, ukikata mmoja mmoja chasisi itakuja kuangalia pembeni na hautaligundua hilo mpaka uweke matairi na moja linaning'inia. Ndani ya mhimili, ule upande wenye umbo la C, weka kipande cha plastiki kipite kwenye maungio kama banzi, hakitaonekana na kitabeba uzito.

Kwenye shafti kuwa makini. Kutoka transfa kesi zinaenda nyuma mbili, moja inaishia ekseli ya katikati, nyingine inapita mpaka kwenye beringi iliyokaa juu ya hiyo ekseli ya katikati halafu ndio kuna kipande kingine kinakwenda ekseli ya mwisho. Ukifupisha gari zinazopungua ni zile mbili za kutoka transfa kesi, hicho kipande cha mwisho hakiguswi kwa sababu ekseli mbili za nyuma hazijasogeleana. Watu wanafupisha vyote halafu wanavuta kwa gundi. Na kata katikati ya bomba la shafti, sio kwenye joint, halafu tia waya mwembamba ndani uunganishe.

Tenki la mafuta na maboksi ya vifaa usiyabandike kabisa mpaka spea zimesimama nyuma ya kebini. Kwenye ndefu spea inaning'inia chini ya bodi, kwenye fupi imehama, kwa hiyo kila kilichokuwa kinaizunguka kimehama nacho. Hapo ndipo katalogi ya G-508 aliyoitaja Kalipa itakulipa.

Na ile Opel iliyotajwa pembeni: hiyo ni zoezi zuri la kuanzia kwa anayeogopa kukata sana. Ya 4x2, 3.6-36S, umbali wa ekseli 3600 mm, ya 4x4, 6700A, 3450 mm, tofauti 150 mm tu, kwenye 1/35 ni 4.3 mm na kwenye 1/48 ni 3.1 mm. Ila usidanganyike na udogo wa namba, unatakiwa uongeze difu ya mbele na transfa kesi, na gari lote linakaa juu zaidi.

SpringiZaNyuma:
Aisee asanteni sana wakuu, nimejifunza kuliko miezi yote niliyokuwa natafuta mwenyewe. Mchoro nimeupima kama Kalipa alivyosema, umbali wa ekseli unakuja pungufu ya 119 na rimu ni duara kabisa, kwa hiyo ni printa imepunguza. Seti nimeipima iko vizuri.

Nimefuata ushauri wa mama nimechagua lori moja, picha ya Signal Corps, 352 inavuta mzinga wa milimita 105 kwenye matope, imepigwa kwa ubavu kidogo kutoka mbele. Spea ziko nyuma ya kebini zinaonekana wazi, winchi hakuna. Maswali yaliyobaki ni haya. Lori langu la kwenye picha lina kebini ya turubai na seti yangu ni ya bati, je nibadili kebini au nibadili picha? Difu zimemezwa na kivuli sioni kitu. Na kwenye boneti sioni namba yoyote wala herufi, ina maana halikuandikwa? Nyota nyeupe ya jeshi ipo ubavuni, haina duara.

Rangi_na_Vumbi:
Kwenye namba usikimbilie kusema halikuandikwa. Mwanzoni jeshi la Marekani liliandika namba za boneti kwa rangi ya bluu iliyofifia, wenyewe waliita blue drab, juu ya kijani kile cha olive drab, na kwenye picha ya nyeusi na nyeupe bluu hiyo na kijani vinakuwa kijivu kile kile. Baadaye wakahamia nyeupe. Kwa hiyo chukua faili kubwa kabisa unayoweza kuipata ya picha yako, ongeza kontrasti kwenye eneo la boneti peke yake, mara nyingi namba inaibuka kama kivuli. Ikiibuka utaona inaanzia na U.S.A. kisha W labda, kisha tarakimu. Kwa lori la daraja hili tarakimu ya kwanza ni 4. Jeep zinaanza na 20, malori ya tani moja na nusu yanaanza na 3. Hiyo inakusaidia pia kuhakikisha gari ni lenyewe. Herufi S ikiwa mwishoni ni gari lililozimwa kelele za umeme zisiingilie redio.

Kuhusu nyota bila duara, duara lilianza kuonekana kwa wingi kuanzia uvamizi wa kisiwa cha Sicily, Julai 1943. Kutokuwa na duara pekee hakukuthibitishii tarehe, yalikuwepo magari mengi bila duara mpaka mwisho wa vita, ila ukiunganisha na namba ya bluu na vingine utapata kipindi.

Jingine ni filamu. Ziko picha za filamu isiyoona nyekundu, humo nyekundu inatoka nyeusi na bluu inatoka nyeupe nyeupe, na ziko za filamu inayoona rangi zote kwa usawa zaidi. Mbingu nyeupe kabisa na midomo ya watu myeusi ni dalili ya ile ya kwanza. Nasema hivi kwa sababu watu wanaangalia lori mbili kwenye picha mbili, moja limekolea jingine limepauka, wanahitimisha rangi tofauti. Linganisha vitu ndani ya picha moja tu, turubai na boneti, tairi na matope.

Na kwa kuwa umetaja matope, nikuombe usilipake matope ya kubuni. Angalia kwenye picha yako yamefika wapi, yameanza kukauka upande gani, madereva walisimama wapi kukanyaga wakipanda. Haya malori yaliishi kazini. Ule msafara wa malori ya mizigo ulioitwa Red Ball Express ulianza 25 Agosti 1944 ukaisha 16 Novemba 1944, unakuta vumbi la kiangazi mwanzo na tope la mvua mwisho, na kama robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi ambao jeshi lao liliwatenga, wakaendesha usiku na mchana kupeleka mafuta na risasi mbele. Kwangu mimi anayejenga GMC anajenga kazi ya watu hao, kwa hiyo mikwaruzo kwenye ngazi ya mlango na kwenye kingo za bodi ina mwenyewe, iweke pale ilipokuwa.

mama_modeli:
Kwenye kebini, mimi ningebadili kebini na sio picha. Picha ya fupi kwa ubavu yenye spea zinazoonekana sio rahisi kuipata, ukishaipata ishike. Kebini ya turubai sio kukata paa la bati tu, fremu ya kioo cha mbele ni nyingine, mlango hakuna wa bati bali kuna nafasi wazi na turubai ya pembeni, mgongo wa kebini nao mwingine. Boneti na madigadi ndivyo vinabaki. Kwa hiyo jenga ile sehemu yote ya nyuma ya boneti kwa shiti ya plastiki, usijaribu kuiokoa ya bati. Na kwa hesabu ya muda inakusaidia, kebini ya turubai inakuondolea miaka ya mwanzo.

Difu kwenye kivuli: jaribu kwanza ile kuongeza kontrasti, tafuta umbo tu, sio undani. Banjo ukiiona kutoka mbele au nyuma ni duara safi kama sufuria, ya Timken ina mabega. Ikishindikana kabisa tafuta picha nyingine za kikosi hicho hicho kwa kusoma herufi za bampa, huenda lori jingine waliokabidhiwa pamoja limepigwa kutoka nyuma. Na hiyo nayo ikikosekana, weka zilizokuja na seti, ila hakikisha transfa kesi ni ya aina hiyo hiyo, usichanganye.

FundiChasisi:
Naunga mkono. Na kwa vile kebini unaijenga upya, usiipime kwa mchoro wowote, ipime kwa boneti uliyonayo mkononi. Boneti ndiyo itakayokataa.

Kalipa_35:
Nimerudi kwa lile la picha kama nilivyoahidi.

Picha yako umesema ni ya ubavu kidogo kutoka mbele, hiyo inafaa kwa kuona lakini kwa kupima tafuta nyingine ya 352 iliyopigwa ubavu kabisa, hata kama sio lori lako, kwa sababu umbali wa ekseli ni ule ule. Kipimo cha kuijua ni matairi: rimu ya mbele na ya nyuma zote ziwe duara na zilingane ukubwa. Ya nyuma ikiwa ndogo mpiga picha alisimama mbele, zikiwa mayai gari limegeuka. Picha ya namna hiyo iache.

Ukiipata nzuri, rula yako ni umbali wa ekseli. Tuseme kwenye skrini unapata 186 mm, basi 3683 gawa kwa 186 ni 19.8, kila milimita ya skrini ni 19.8 mm ya lori. Kitu chenye 10 mm kwenye skrini ni 198 mm halisi, gawa kwa 35 unapata 5.7 mm ya plastiki. Mkia wa chasisi, nafasi ya spea, urefu wa ngazi, vyote unavipata hivyo. Watu wengine wanatumia rimu kama rula kwa sababu tairi imeandikwa 7.50-20 na wanadhani rimu ni inchi 20 kamili. Hiyo 20 ni pale tairi inapokalia, ukingo wa rimu unaouona kwenye picha umezidi hapo, na kosa dogo kwenye kitu kidogo ukilizidisha mpaka urefu wa gari linakuwa kubwa. Umbali wa ekseli ni rula ndefu zaidi na ndio maana naupenda.

Kuwa makini na kina. Rula hiyo inafaa kwa vilivyo kwenye usawa wa matairi ya nje, ubavu wa bodi uko karibu na usawa huo, hapo huna wasiwasi. Lakini mhimili wa chasisi uko ndani zaidi, mbali na kamera, utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kadiri mpiga picha alivyosimama mbali ndivyo kosa hilo linavyopungua. Kwa chasisi tumia namba za TM 9-801, picha itumie kukagua tu.

Ukishakata na kubana, kabla gundi haijaingia, weka matairi, weka kebini na bodi bila kubandika, simama mbali kiasi, piga ubavu kwa simu ukiwa umeivuta picha karibu, halafu ilaze juu ya ile picha ya zamani kwenye kompyuta, ekseli juu ya ekseli. Kitakachotokeza ndicho cha kurekebisha. Tuwekee picha hiyo hapa kabla hujabandika, tuikague pamoja.